NILIMTAFUTIA STAA GARI LA MZEE WETU, LEO NASEMA UKWELI WOTE

Najua wengi mnaingia hapa kutafuta nani kaachana na nani, nani kajenga na nani kafilisika. Leo stori inanihusu mimi mwenyewe. Kuna staa ndani yake ila jina sitaji, na msihangaike kubahatisha huko chini kwa sababu hata mkipatia sitajibu. Staa hajanikosea kitu. Mwenye kosa humu ni mimi.

Mnaonijua mnajua kwamba nje ya mambo ya mastaa nina ugonjwa mmoja, vitu vya magari ya zamani. Nilivyomaliza form four sikwenda popote, nikaenda kumsaidia mjomba anauza spea za mtumba pale Gerezani. Siku moja dogo mmoja wa skrepa akaleta kiroba cha vyuma, tukakimwaga chini tuchambue. Katikati ya takataka kukatoka simba mdogo wa chuma, kasimama kwa miguu miwili, nembo ya Peugeot ya zamani. Nikamuuliza bei, akasema buku tatu. Nikalipa. Mjomba alinicheka wiki nzima. Yule simba mpaka leo ninaye.

Baadaye nikakutana na klabu. Msifikirie watu wenye hela. Kuna fundi gereji, mwalimu mstaafu, dereva teksi mstaafu, kijana mmoja wa benki, na mimi. Jumapili asubuhi tunakutana, mwenye gari linalotembea anakuja nalo, mwenye bovu anakuja kwa daladala na stori zake. Tunakusanya nembo, taa, usukani, vijitabu vya maelekezo, makopo ya oili ya zamani, picha za mashindano. Humo ndimo nilifundishwa kutofautisha spea ya asili na ya kuigiza. Kwa magari ya Kifaransa unaangalia kwanza jina la aliyetengeneza. Kabureta ina Solex imechorwa kwenye chuma chenyewe, kioo cha taa kina Marchal au Cibié, mita za dashibodi zina Jaeger. Ukikuta kioo hakina jina lolote na kinang'aa kama cha jana, weka hela yako mfukoni.

Mimi nilichagua Peugeot 404, wazee wanaiita Pijo. Sababu zangu ni hizi. 404 ilitoka Ufaransa mwaka 1960, umbo lake walilichora Pininfarina wa Italia, ndiyo maana huko nyuma ina yale mapezi mawili kama ya samaki. Injini yake imelazwa ubavu, haijasimama wima. Gia iko kwenye usukani. Na kwenye bampa la mbele kuna tundu la kupitishia chuma cha kuwashia kwa mkono, sisi tunaita hendeli. Betri ikifa huombi mtu msaada, unazungusha.

Halafu kuna yale mashindano ya East African Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na huku kwetu enzi za Tanganyika. 404 ilishinda mara nne, 1963, 1966, 1967 na 1968. Ile ya 1966 na 1967 dereva alikuwa Bert Shankland, Mskochi aliyekuwa anaishi hapa hapa Dar es Salaam, na msoma ramani wake Chris Rothwell. Mwaka 1963 na 1968 mshindi alikuwa Nick Nowicki wa Kenya, na miaka yote miwili njia ilikuwa mbaya kiasi kwamba waliomaliza ni magari saba tu. Saba! Kwa hiyo mtu akiniambia Pijo ni chuma chakavu huwa namuangalia tu.

Sasa basi. Kwenye klabu yetu kulikuwa na mzee mmoja, yeye ndiye aliyekuwa na 404 nzima kuliko zote. Alikuwa dereva wa shirika moja la umma, na shirika lilipouza magari yake yeye akanunua lile alilokuwa analiendesha. Rangi ya maziwa, viti vimeshonwa upya mara moja tu. Mimi alinipenda. Alikuwa ananiita mwanangu na mimi namwita Baba. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika hendeli, kidole gumba unakiweka upande mmoja na vidole vingine, kwa sababu injini ikirudisha nyuma inavunja mkono.

Baba akapata kiharusi. Wakamhamishia Morogoro kwa binti yake. Gari likabaki Dar chini ya mwembe, majani yanaliangukia, kuku wanalala kwenye boneti. Mimi nilikuwa napita kulifuta, mwanzoni kila wiki, baadaye kila nikikumbuka.

Hapo ndipo meneja wa staa akaniandikia inboksi. Anatafuta gari la kizamani kwa ajili ya video. Nikampeleka kwa vijana wa Baba, wakaelewana, video ikafanyika pale pale nje. Mmeiona, wengine mliicheza kwenye harusi zenu. Wiki mbili baadaye meneja akarudi, sasa wanataka kununua kabisa. Staa alikuwa anafungua sehemu yake ya starehe, na gari litawekwa ndani watu wawe wanapiga nalo picha. Bei milioni tatu na nusu, na mimi niliyewakutanisha napata laki nne.

Ngoja niwaambie kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu. Ile sehemu nilikuwa nimeshaingia. Mlango wake pikipiki inapita kwa kubembelezwa. Meneja aliposema "tutaliweka ndani", nilijua. Hakuna 404 nzima inayopita mlango ule. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu nikiuliza atanijibu, na akinijibu zile laki nne sitaweza kuzipokea. Vijana wa Baba walikuwa na bili za hospitali, kwa hiyo nikajiambia nasaidia familia. Kusaidia familia gani jamani, mbona na mimi nilichukua changu.

Siku ya ufunguzi nilialikwa kama mwandishi. Nikaingia nikaiona. Gari limekatwa nyuma ya milango ya mbele, nusu ya mbele imetokeza ukutani, ndiyo kaunta ya DJ. Ndani ya boneti hakuna injini, kuna friji ya soda. Kwenye taa zile za Marchal wamewekea mwanga wa bluu. Watu wanapiga picha balaa. Na mimi nikapiga. Nikarudi nyumbani nikaandika posti, nikasifia ubunifu. Wadau mliipenda sana ile posti, ni kati ya zilizosomwa sana mwaka ule.

Kibaya zaidi, fundi aliyekata alikuwa rafiki wa mjomba. Akaniwekea usukani, saa ya dashibodi na hendeli. Nikazipanga kwenye kabati langu pembeni ya simba. Nikiwa na wageni nawaonyesha, nawaambia hivi vimetoka kwenye gari moja lilikuwa zuri sana. Sisemi lilikuwa la nani.

Miezi ikapita. Siku moja simu inaita, namba siijui. Napokea, sauti nzito inavuta maneno polepole. "Mwanangu." Baba! Ameanza kuongea tena. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema vijana wake wamemweleza kwamba gari wamewauzia watu wa klabu yetu. "Nimefurahi sana. Ningejua liko kwa mgeni nisingelala. Njoo Morogoro, kuna vitu vyake huku. Gari halihami bila nguo zake."

Nikaenda. Nilimkuta barazani kakaa, mkono mmoja haufanyi kazi vizuri. Binti yake akaleta sanduku la mbao. Ndani kuna kabureta Solex mpya kabisa imefungwa kwenye gazeti, vioo viwili vya taa za nyuma, mkanda wa feni, funguo ya akiba, na kijitabu cha maelekezo cha Kifaransa, pembeni Baba ameandika maana ya Kiswahili kwa kalamu ya risasi, ukurasa kwa ukurasa. Alikuwa anamuuliza padri mmoja maana za maneno. Kwa mtu anayekusanya vitu hivi, wadau, lile sanduku ni dhahabu. Baba akaniuliza, "Linawaka vizuri?" Nikasema, "Linawaka, Baba."

Nikaaga. Nikafika stendi ya Msamvu, nikakata tiketi, nikakaa kwenye basi na sanduku mapajani. Nikafungua kile kijitabu. Kwenye ukurasa wa kwanza kaandika tarehe alizobadilisha oili, miaka na miaka, mwandiko ule ule, mpaka tarehe ya mwisho, wiki moja kabla hajaugua. Konda akaanza kukusanya tiketi. Nikashuka.

Bodaboda ikanirudisha. Baba alikuwa bado barazani. Nikaweka sanduku chini, nikamwambia yote, mlango, laki nne, friji ya soda, kabati langu. Sikuacha kitu. Nilitegemea atanifukuza. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akauliza, "Walikata wapi?"

Nikasema nyuma ya milango ya mbele.

"Na nyuma imekwenda wapi?"

"Skrepa, Baba."

"Na difu?"

Nikashindwa kujibu. Difu ya 404 haifanani na za magari mengi, ukiipoteza huipati dukani. Ilipimwa kwa kilo pamoja na mabati.

Akasema maneno ambayo nitayakumbuka siku zote. "Mngelivunja nisingekasirika. Gari likivunjwa linafufua wenzake. Hili mmelikata. Gari likikatwa linakuwa fenicha."

Mimi nilikuwa najiita mkusanyaji wa magari ya zamani, kumbe nilikuwa sijaelewa hilo. Kila kitu kilichomo kwenye kabati langu kimetoka kwenye gari lililokufa, na hiyo sio dhambi. Swali ni kile kitu kinasubiri nini pale kabatini. Kama kinasubiri wageni wakisifie, basi na mimi nina kaunta yangu kama ya staa, tofauti ni kwamba yangu haina muziki.

Baba akaniuliza kama kuna 404 nyingine kwenye klabu iliyo hai. Nikamwambia iko moja, ya yule dereva teksi mstaafu, kule Mbagala, imelala miaka sita kwa kukosa kabureta na vitu vingine. Akasema, "Basi sanduku hili ni la hiyo. Na usukani wangu pia. Na zile laki nne mpe fundi." Nikamwambia nimeshazitumia. Akasema, "Utazitafuta."

Nikarudi Dar nikawaeleza na klabu. Funguo ya stoo ya spea nilikuwa naishika mimi, wakaniondoa. Sikulalamika. Kijana wa benki mpaka leo ananisalimia kwa mbali. Kwa fundi nimeshalipa laki mbili na nusu, inabaki laki na nusu. Usukani, saa na hendeli vimeenda Mbagala. Kabatini amebaki simba wangu wa buku tatu.

Jumapili iliyopita tukaiwasha. Betri ilikuwa imekufa, tukachomeka hendeli ya Baba kwenye tundu la bampa. Mwenye gari akaniambia zungusha wewe. Gumba upande mmoja na vidole vingine. Mara ya kwanza kimya. Ya pili ikakohoa. Ya nne ikashika, moshi mwingi, watoto wa mtaa wakapiga kelele. Nikampigia Baba, nikaweka simu karibu na injini. Akasikiliza mpaka nikadhani imekata. Kisha akasema, "Taimingi imechelewa kidogo. Mwambie fundi." Akakata simu.

Ile posti ya ufunguzi sijaifuta. Nimeweka maelezo juu yake, mkienda mtayakuta.

Kwa hiyo wadau, kama nyumbani kwenu kuna gari la babu limelala, kabla hamjamwita mtu wa skrepa ulizeni kwanza kama kuna lenzake mahali linasubiri spea. Msiuze kwa kilo. Na mwenye difu ya 404 popote alipo, iwe shamba, iwe uani, anishtue. Hiyo ya Mbagala ina mlio nyuma, na mwenye gari anasema haifiki mbali.

Haya, uwanja wenu huko chini. Hata wa kunitukana karibuni, leo sifuti maoni ya mtu.