Ufito wa fimbo ya Mjomba

Ukitaka kujua kama ubao umenyooka, usimwulize anayeuuza. Uinue hadi jichoni, ufumbe jicho la pili, kisha uutazame kutoka ncha hii hadi ile kama askari anayelenga shabaha. Mbao nyingi zinazouzwa mijini kwetu hazipiti mtihani huo. Kwa kitanda au kabati si neno, maanake misumari itaulazimisha ubao utii. Lakini kipo kifaa kimoja kisichokubali kulazimishwa, nacho ni fimbo ya kuchezea snuka.

Vijana wa leo wanaijua zaidi puli, ile ya meza ndogo inayochezwa karibu kila mtaa. Snuka ni kaka yake mkubwa. Ilibuniwa na maafisa wa jeshi la Uingereza mjini Jabalpur, India, mwaka 1875. Meza yake ina urefu wa futi 12, mipira ni 22, na ncha ya fimbo ina upana wa milimita 9 au 10 tu. Hebu fikiria, ufito ukipinda kidogo tu, mpira mwekundu ulioulenga upande wa pili wa meza utaupitia mbali.

Mjomba wangu aliingia katika mchezo huu kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1968 aliajiriwa na klabu moja ya Nairobi kupanga mipira na kuandika alama za wachezaji. Aliucheza alfajiri, wenye klabu wakiwa bado wamelala. Mwaka 1979 mwanachama mmoja aliyekuwa akirudi kwao alimwachia fimbo yake, ya vipande viwili vinavyofungwa katikati kwa parafujo ya shaba. Shina ni jeusi tititi, na mbele ni ufito mweupe. Tangu shangazi yetu, mkewe, atutoke, Alhamisi ya snuka pamoja na wazee wenzake wawili imekuwa siku pekee ambayo Mjomba huvaa koti na kutoka nyumbani.

Basi mjukuu wake akauona ule ufito, akaona unafaa sana kuangulia maparachichi. Parachichi lilianguka. Ufito nao ukapasuka.

Binamu zangu waligawanyika. Mmoja alisema mzee anunuliwe fimbo mpya ya dukani, yamalizike. Mwingine alisema mtu wa miaka 77, mkono wenyewe unatetemeka, heri apumzike tu. Alhamisi tatu zilipita Mjomba akiwa sebuleni, koti limetundikwa mlangoni, redio inasema peke yake. Hapo ndipo nilipojitolea kutafuta mti.

Nilianzia Gikomba, kwa fundi mmoja anayekereza miguu ya viti. Yeye aliupendekeza mpingo mara moja. Mpingo ni fahari yetu, lakini ni mzito mno, hata ukiutupa majini huzama. Ufito wa mpingo ungeifanya fimbo ielemee mbele, na mchezaji hutaka uzito ukae nyuma, karibu na mkono unaosukuma. Mahali pake ni kwenye shina. Mvule je? Mvule una nyuzi zinazopishana, safu hii ikielekea huku na ile kule, na randa ikipita huzing'oa. Mkaratusi, huo wa nguzo za stima, una tabia ya kujisokota na kupasuka unapokauka. Podo una nyuzi zilizonyooka vizuri, ila ni laini, hubonyea upesi.

Nisieleweke vibaya. Sisemi miti yetu haifai. Nasema kila mti na kazi yake, na kazi ya ufito ni ya ajabu kidogo: uwe mwembamba bila kuvunjika, mgumu bila kuwa mzito, na upinde kidogo unapogonga kisha urudi ulivyokuwa.

Kazi hiyo imezoewa na miti miwili ya ng'ambo. Wa kwanza ni eshi, mti wa Ulaya ambao Waingereza huufanyia mipini ya zana na vijiti vya kriketi. Wa pili ni mepo, ule ambao jani lake limo katika bendera ya Kanada. Eshi una vitundu vikubwa kwenye mbao ya majira ya kuchipua, na sehemu ngumu kwenye mbao ya kiangazi. Ufito ukichongwa kwa kupunguzwa kuelekea nchani, mistari hiyo hujichora kama mishale iliyopangana. Mchezaji huigeuza mishale juu kila mara, ili fimbo ikae vilevile mkononi katika kila mpigo. Mepo hauna mishale inayoonekana, lakini ni laini kama sabuni kwenye vidole.

Mtoto wa binamu yangu anasoma Sheffield, mji unaoandaa mashindano ya dunia ya snuka katika ukumbi wa Crucible tangu 1977. Alituletea vipande vitatu vilivyokaushwa, viwili vya eshi na kimoja cha mepo. (Ukitaka kuleta mbao kutoka nje, waulize kwanza KEPHIS.) Alituambia pia kwamba eshi wa Ulaya unashambuliwa na kuvu, ugonjwa uliothibitishwa Uingereza mwaka 2012, na miti mingi imekufa.

Kipande kimoja cha eshi kilikuwa kizuri kwa macho, cheupe pe. Lakini nyuzi zake zilianza katikati na kutokea ubavuni kabla ya kufika mwisho. Huo ndio ubao unaovunjika. Tuliuweka kando.

Mimi niliutaka mepo. Mkono unaotetemeka, nilimwambia Mjomba, unahitaji kitu kinachoteleza. Hakunijibu. Alipanga vidole vya kushoto juu ya meza ya chakula kama alivyofanya miaka yote hiyo, akaupitisha mepo mara tatu, kisha ule eshi uliobaki. Akauangusha kidogo sakafuni, akasikiliza mlio.

"Huu, mpwa wangu," akasema akiushika eshi. "Huo mwingine unakimbia kabla sijaamua. Na hapa nitaona mishale, macho yangu bado si mabaya hivyo."

Bado naamini mepo ungemfaa. Lakini mkono ni wake.

Fundi wa Gikomba anauchonga sasa, kidogo kidogo. Kila akiupunguza huuacha upumzike wiki mbili, kwa sababu mti ukipunguzwa hujivuta, na ukiukimbiza leo utapinda kesho. Jumamosi iliyopita Mjomba alikwenda mwenyewe kuutazama. Aliufumbia jicho moja, akamwambia fundi kuna mahali pamevimba kama unene wa karatasi. Fundi akaupima. Kweli palikuwa pamevimba.