Nani Asome Kwanza

Programu ya diff, aliyoiandika Douglas McIlroy huko Bell Labs miaka ya 1970, haijui kama inasoma msimbo au barua ya posa. Inaona mistari tu. Ukiweka mistari mia mbili ndani ya sharti jipya, yote inasogea kulia, nayo inaipaka yote nyekundu na kijani. Humo katikati, alama ya < iliyogeuzwa kuwa <= inapita bila kuulizwa. (Naam, unaweza kuiambia isijali nafasi, lakini katika Python nafasi ndiyo sarufi.)

Timu yetu hushughulikia malipo. Alama moja ni pesa za mtu. Kwa hiyo jioni natengeneza chombo kinacholinganisha matoleo kwa kufuata muundo wa msimbo. Kilichonichelewesha ni swali la nani ausome kwanza na kuujengea mti wake.

Nani aijue Python kuliko Python yenyewe? Moduli yake ya ast inatoa mti safi. Usafi huo ndio unaonitia shaka: kila kilichoandikwa baada ya alama ya # hutupwa, kwa kuwa mashine haikihitaji. Katika faili yetu moja kuna onyo la mwenzetu aliyekwisha kuhama: usiondoe ukaguzi huu, benki hutuma jibu mara mbili. Lifute, na mti wa ast utaapa kwamba hakuna kilichobadilika. Kwa mashine ni kweli. Kwa atakayeajiriwa mwakani si kweli hata kidogo.

Tena haina subira. Bano moja lisilofungwa, faili nzima inakataliwa. Msimbo wa Python 2, wenye print isiyo na mabano, nao unakataliwa na Python 3, na historia yetu imejaa huo.

Nimechagua Tree-sitter, aliyoianzisha Max Brunsfeld kwa ajili ya programu za kuandikia msimbo, ambako karibu kila sentensi iko nusu. Inahifadhi maelezo, na ikikuta palipoharibika inapatia alama ya ERROR kisha inaendelea. Lakini hapo penye ERROR inakisia, na sarufi zake huandikwa kando na wenye lugha, hivyo huweza kuachwa nyuma. Ndiyo maana nimekiagiza chombo, kikifika hapo, kirudi kwenye mistari na kitangaze kwamba kimerudi.

Mwenzangu mmoja anasema tangazo hilo linachafua skrini. Nimeliacha.