Yowe Ndani ya Ngozi

Ushuhuda wangu si wa kupona. Nautoa kwa sababu watu wamezoea kusikia shuhuda za waliopona tu, na sisi tunaoishi na ugonjwa tukanyamaza.

Nilianza kugonga kokoto kabla Serikali haijatangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma. Baada ya tangazo lile ujenzi ulishamiri, nasi hatukupumzika. Lori moja likitoka, jingine linaingia. Vilima vyetu ni vya matale, jiwe gumu lenye kwazi, na ukiligonga hutoa vumbi laini linaloganda kwenye kope na kutua hata kwenye uji wa mtoto.

Vidole ndivyo vilivyoanza. Baridi ya Juni na Julai hapa kwetu ina upepo usio na huruma. Asubuhi vidole vilipauka kabisa, vikawa zambarau, kisha damu ikirudi vinawaka moto. Baadaye mikono ikavimba, ngozi ikaanza kukaza. Nikashindwa kufinyanga tonge la ugali wa uwele, nikawa nakula kwa kijiko na kusingizia kidonda. Mdomo nao ukawa haufunguki vizuri. Kifuani yakatokea madoa meupe yenye nukta nyeusi kwenye vinyweleo, na hapo majirani wakapata neno lao: ukoma. Hombolo si mbali, na wazee wanawakumbuka waliokuwa wakitunzwa kule. Wengine wakasema nimerogwa. Hilo nililiamini upesi zaidi, maana mchawi angalau unaweza kumtaja jina. Wakati huohuo duka moja la dawa likawa linaniongezea prednisolone, dawa ya steroidi, kila nikilalamika.

Mwishowe nilipanda basi kupitia Kondoa na Babati hadi hospitali ya KCMC, Moshi, ambako kuna kituo cha kufundisha mabingwa wa ngozi tangu 1992. Daktari aliniambia nifumbe macho, akaanza kugusa madoa kwa pamba. “Mama, sema kila nikigusa.” Nilisema kila mara. Doa la ukoma huwa na ganzi, langu halikuwa nayo. Kisha akajaribu kuikunja ngozi ya mkono kwa vidole viwili, ikagoma. Akapita hivyo sehemu 17 za mwili, kila moja akiipa alama kuanzia 0 hadi 3. Ugonjwa unaitwa skleroderma, na wangu ni ule unaoingia hadi mapafu, koo la chakula na figo.

Aliyenielewesha hasa ni binti wa kaka yangu, aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Dodoma. “Shangazi, kinga ya mwili inaongea,” alisema. Seli za kinga hutumiana ujumbe kwa protini ndogo ziitwazo saitokini. Kijijini yowe likipigwa, kila mtu hutoka na rungu lake, na hatari ikiisha watu hurudi kulala. Mwilini mwangu yowe halikomi. Intaleukini-6 inaita, interferoni zinaita, na nyingine iitwayo TGF-beta inaziamrisha seli zinazotengeneza kolajeni, ile inayoziba jeraha likawa kovu, ziendelee kutengeneza hata pasipo jeraha. Kwa hiyo kinachonikaza ni kovu lisilo na kidonda.

Na vumbi? Chembe za silika, zinazotoka kwenye kwazi, zikiingia mapafuni, seli walinzi huzimeza, hushindwa kuzisaga, na seli hizo hutoa saitokini kwa fujo. Mwaka 1914 daktari Byrom Bramwell wa Edinburgh aliandika kuhusu wagonjwa wa skleroderma ambao kadhaa wao walikuwa waashi wa mawe. Mwaka 1957 ikaandikwa tena kuhusu wachimba dhahabu wa Afrika Kusini. Hakuna anayeweza kuniapia kwamba vumbi ndilo lililoniponza mimi. Wengi wanaougua ni wanawake ambao hawajawahi kushika nyundo. Lakini tangu binti yule anieleze haya, sijamtafuta mchawi.

Nikabadili mambo. Prednisolone ya kiholela niliiacha taratibu kwa maelekezo ya daktari, kwani dozi kubwa huweza kuchochea figo kufeli ghafla kwa watu kama mimi. Zamani figo zikifika hapo, karibu kila mgonjwa alikufa. Dawa za presha za kundi la kaptoprili ndizo zilizookoa wengi. Sasa napima presha nyumbani, nameza nifedipini kwa ajili ya vidole, na metotreksati ya kutuliza kinga mara moja kwa wiki. Juni navaa glovu za sufu hata sokoni Majengo, wacheke wanaocheka. Ipo pia tosilizumabu, inayoizuia intaleukini-6 isisikike. Marekani iliiruhusu mwaka 2021 kwa wenye mapafu yaliyoathirika. Katika majaribio ngozi haikulainika kwa kiasi cha kujivunia, ila mapafu yalihimili. Bei yake siiulizi.

Kokoto nimeacha, nauza karanga na zabibu. Napita kwa wenzangu nikiwaambia walowanishe mawe kabla ya kugonga na wafunike pua kwa barakoa nzuri, si kwa kona ya khanga. Kuhusu barakoa wananisikiliza. Kuhusu maji, mmoja aliniuliza kama nimesahau bei ya dumu Dodoma. Sikusahau. Maji hayo anapaswa kuyalipia mwenye lori.