Mradi Huria Una Afya au Unapumua Tu?

Leo tuongee kuhusu programu huria. Wengi wakitaka kujua kama mradi una afya, huangalia umepakuliwa mara ngapi au una nyota ngapi kwenye GitHub. Hiyo ni kupima mgonjwa kwa kuhesabu wageni waliokuja kumwona.

Tuchukue mfano wa karibu: ramani ya Kianda, hapa Kibera. Kabla ya 2009, Kibera ilikuwa karibu tupu kwenye ramani za intaneti. Mwaka huo mradi wa Map Kibera, ulioanzishwa na Erica Hagen na Mikel Maron, ulifundisha vijana 13 wa Kibera kutumia GPS. Wakapita vichochoroni, wakaweka kliniki, vyoo na vituo vya maji kwenye OpenStreetMap, ramani huria ambayo yeyote anaweza kuihariri.

Lakini ramani huzeeka, sawa na programu. Kliniki ikihama na mtu asiifute, mama mwenye mtoto mgonjwa usiku ataelekezwa kwenye mlango uliofungwa.

Bahati nzuri, OpenStreetMap huhifadhi historia. Bonyeza kituo chochote cha Kianda: utaona kilihaririwa lini na nani. Hapo uulize maswali matatu:

1. Mwaka uliopita, watu wangapi tofauti wamefanya kazi hapa?
2. Mgeni akikosea, kuna mwenyeji wa kumwelekeza?
3. Pesa za wafadhili zikiisha, nani atabaki?

La kwanza ndilo zito. Machi 2024, Andres Freund aligundua mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana faili inayotumika kwenye mifumo mingi ya Linux. Kwa miaka mingi ilitunzwa hasa na mtu mmoja, Lasse Collin, kwa kujitolea. Alipolemewa, mtu aliyejiita Jia Tan akaja kusaidia, akaaminiwa, kisha mlango ukaingizwa. Watumiaji walikuwa wengi mno, mtunzaji, mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa hivyo kabla hujajenga mfumo wako juu ya mradi huria, hesabu wanaoutunza. Ukikuta ni mmoja, usikimbie. Jiunge uwe wa pili. Na kama unaishi Kianda, anza na ile kliniki unayoipita kila asubuhi. Je, kwenye ramani iko mahali ilipo kweli?