Waifai ya mshikaji wa Iringa

Wadau, baridi ya Mbeya ni kinoma, lakini jana nilikesha kwenye simu na mshikaji aliyeko Iringa. Laptopu yake kuukuu ya Linux haioni waifai, na projekti anawasilisha Ijumaa! Achomeke simu kwa waya wa USB apate neti, kisha asome dmesg. Kumbe draiva ya b43 imo ndani ya keneli tangu toleo 2.6.24 la 2008, ila inadai programu ndogo ya kadi, ambayo leseni hairuhusu kuisambaza pamoja nayo. Akaishusha, akairudisha draiva kwa modprobe, ikawaka.

Nyaraka za keneli zina tafsiri za Kichina, Kijapani, hata Kiitaliano. Kiswahili hamna, wakati Jambo OpenOffice ilitoka 2004! Hatua zetu naziandika Kiswahili. Wenzake wawili wana kadi hiyo hiyo.