Golikipa mfupi wa Kabalo: atafika wapi?

Tangu mwezi wa tatu, ukipita karibu na stesheni ya reli hapa Kabalo saa za jioni, utasikia ubishi mmoja tu. Wauza mawese wanabishana, waendesha pikipiki wanabishana, hata walimu wakitoka darasani. Swali ni hili: yule golikipa kijana anaweza kucheza mpira wa kulipwa, ndiyo au hapana?

Jina lake sitaliandika. Bado ni mwanafunzi, yuko mwaka wa sita wa sekondari, na mama yake aliniomba nisilitaje, si kwenye redio wala hapa. Lakini uwanjani hakuna anayelitumia jina hilo. Wote wanamwita Kidiaba.

Kwa wale ambao hawajamwona, nieleze. Nilimpima kwa mita ya fundi seremala: mita 1 na sentimita 69. Goli la mpira lina upana wa mita 7.32 na urefu wa mita 2.44. Fanyeni hesabu wenyewe. Akisimama chini ya mti wa juu na kunyoosha mikono, bado kuna nafasi ya kupitisha mpira bila kumgusa. Yeye anajua, ndiyo maana hasimami pale. Anasimama mbali mbele, wakati mwingine nje kabisa ya kumi na nane, kama beki wa tano. Mpira mrefu ukija anautoa kwa kichwa. Mshambuliaji akimkimbilia, hapigi mbele kwa hofu, anampiga chenga. Na akishika mpira kwa mikono anautupa, hautii mguu, anautupa kama mvuvi wa Lualaba anavyotupa wavu, na mpira unavuka katikati ya uwanja. Bao la Jumapili ya mwisho wa mwezi wa nne lilitoka kwenye mkono wake: yeye, winga, wavu. Basi.

Wiki iliyofuata alipiga chenga moja, akapiga ya pili, ya tatu akanyang'anywa. Goli tupu. Mama mmoja aliyeuza karanga karibu yangu akaweka beseni chini, akasema: «Huyu mutoto atatuua na roho.»

Sasa, wanaosema hapana wana mzee mmoja anayewaongoza, mstaafu wa reli, mtu anayekumbuka mambo. Kila mara anarudi kwenye tarehe 18 mwezi wa sita 1974, kule Gelsenkirchen, Ujerumani. Zaire ilikuwa inacheza na Yugoslavia kwenye Kombe la Dunia. Baada ya bao la tatu kocha alimtoa Kazadi Mwamba, golikipa wa Mazembe, akamwingiza Tubilandu, aliyekuwa mfupi sana. Hakukaa hata kidogo, la nne likaingia. Mchezo uliisha tisa kwa bila. Mzee anasema nchi nzima ililipa deni la sentimita.

Namheshimu mzee, lakini hapo sikubali. Kazadi hakuwa mfupi, na alikuwa amekwisha kufungwa matatu katika dakika zisizozidi ishirini na moja. Wachezaji wale waliingia uwanjani wakiwa wamevunjika moyo juu ya pesa zao walizoahidiwa na hawakuzipata. Mbele ya golikipa hakukuwa na ukuta. Ungemweka pale mtu wa mita mbili, labda yangekuwa saba. Kumbebesha Tubilandu mzigo wote kwa sababu ya urefu wake ni kutafuta mtu wa kulaumu aliye karibu na wavu.

Wanaosema ndiyo ni vijana, na jibu lao ni jina moja: Robert Kidiaba. Vijana hawa wengi walikuwa wakitambaa Mazembe ilipofika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu kule Abu Dhabi, mwezi wa kumi na mbili 2010. Wanamjua kwa video za simu: nywele za kusuka, na baada ya bao anakaa chini na kurukaruka kwa makalio uwanja mzima kama chura. Watoto wa Kabalo wanaiga mruko huo mpaka suruali zinatoboka. Golikipa wetu naye anaruka hivyo, ndipo jina likamshika.

Lakini wakiimaliza ile video wanafikiri wamemaliza habari. Mimi nilikuwa kijana mwaka ule, tukakusanyika mbele ya televisheni moja yenye jenereta, na mchezo ninaoukumbuka ni ule wa Internacional ya Brazili, nusu fainali, tarehe 14. Wabrazili walipiga, wakapiga. Kidiaba alikuwa na miaka 34 na hakuwa mrefu kwa kipimo cha makipa. Alitoa mpira kwa mikono, kwa miguu, kwa mwili wote. Kabangu akafunga moja, Kaluyituka la pili, mbili kwa bila. Timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ile. Siku nne baadaye Inter ya Milano ilitufunga tatu, sawa, lakini hakuna aliyesema tulifungwa kwa sababu golikipa ni kichekesho. Mruko ulikuja baada ya kazi. Kama Kidiaba angekuwa anaruka tu bila kuokoa, Mazembe ingemweka benchi mwaka wa kwanza.

Na hapa ndipo ninapotaka ndugu zangu wa stesheni wanisikilize, pande zote mbili.

Kidiaba aliingia Mazembe 2002. Kombe la mabingwa wa Afrika la kwanza alilichukua 2009, akiwa na miaka 33. Mwaka huohuo alikuwa golini Abidjan Kongo ilipoifunga Ghana mbili kwa bila na kuchukua CHAN ya kwanza kabisa. Kombe la Afrika la 2015 kule Guinea ya Ikweta alikuwa bado golini, na tulimaliza nafasi ya tatu yeye akiwa ametimiza miaka 39. Hesabuni kutoka 2002 mpaka 2009: miaka saba. Ni muda gani huo kwa golikipa anayecheza kwa namna yake mwenyewe? Ni muda wa kukosea. Golikipa wa kawaida akikosea, watu wanasema bahati mbaya. Golikipa wa ajabu akikosea, watu wanasema tuliwaambia. Ili apone anahitaji nyumba inayomjua, kocha ambaye siku ya Jumatatu hatamfukuza, na mabeki waliozoea kumwona mbele wakarudi kumfunikia nyuma.

Kidiaba hakuipata nyumba hiyo Ulaya. Hakucheza huko. Aliipata Lubumbashi, kwenye timu ya Moïse Katumbi iliyokuwa na pesa ya kuwalipa wachezaji wake na kuwabakisha nyumbani. Kama angekwenda kujaribiwa kwa siku tatu na watu wasiomjua, wangeangalia mita, wangeangalia nywele, wangemrudisha. Kwa hiyo mkiniuliza kama kijana wetu anaweza kufanikiwa, swali langu la kwanza si urefu wake. Nauliza: kwa nani? Timu ipi itamvumilia?

Urefu nao si jambo la kudharau, nisidanganye mtu. Kwenye kona anateseka. Nimehesabu michezo sita na karibu kila kona ya juu inapigwa kichwa na mtu mwingine kabla yake. Hapo mzee wa reli ana haki kabisa, na vijana wakimcheka wanakosa adabu na wanakosa akili. Jorge Campos wa Mexico alikuwa mfupi pia, akacheza Kombe la Dunia la 1994 na la 1998 na jezi zake za rangi kama kitenge cha sikukuu, lakini watu kama Campos ni wa kuhesabika kwa vidole.

Kitu kingine kinampendelea mtoto wetu, ambacho sijasikia mtu akikitaja pale stesheni. Tangu 1992 sheria inamkataza golikipa kushika kwa mikono mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake. Kabla ya hapo golikipa aliweza kuwa mtu wa mikono tu. Leo timu kubwa zinatafuta golikipa anayeweza kupokea mpira akiwa amebanwa na kuutoa vizuri. Mwaka 2014 dunia ilimwona Manuel Neuer akicheza na Algeria akitoka mara kwa mara nje ya kumi na nane, na Ujerumani ikachukua kombe. Neuer ana mita 1.93, najua, msinipigie simu. Nasema tu kwamba kile tunachokiita wazimu hapa Kabalo, sehemu nyingine kinafundishwa. Na Lionel Mpasi, golikipa wetu wa Leopards, alipowafunga Misri penalti ya mwisho mwezi wa kwanza 2024, nane kwa saba, hakuna aliyeuliza kama ni kazi ya golikipa kufunga.

Kwa hiyo mimi nasema anaweza. Siahidi, nasema anaweza, akipata timu ya kumkuza na akijifunza kona.

Lakini sikuandika haya kwa ajili ya ubishi tu. Niliandika kwa sababu ya dola mia tatu.

Wiki tatu zilizopita alifika mtu kutoka Lubumbashi, anajiita wakala. Aliona mchezo mmoja. Akamwambia mama wa kijana kwamba ana nafasi ya majaribio kwenye timu kubwa, lakini lazima zilipwe dola 300 kwanza kwa ajili ya karatasi na usafiri. Na lazima kijana aondoke mara moja, kabla ya Exetat. Mama ni mjane, anauza samaki wa Lualaba na dagaa wanaotoka Kalemie. Dola 300 kwake ni mbuzi wote wanne na deni juu. Alikuja nyumbani kwangu jioni, akakaa, akaniambia: «Papa, wewe unasema kwa redio, unajua watu wa mpira. Niuze mbuzi?»

Nilimjibu hivi. Mama, timu inayomtaka mchezaji inamlipia yeye nauli. Haimwombi mjane mbuzi. Omba barua yenye jina la timu, muhuri na namba ya ofisi, halafu mimi nitapiga simu hiyo mbele yako. Na mtihani wa serikali uko karibu, safari kwa reli kupitia Kamina inakula siku nyingi, na Lubumbashi haitahamishwa. Mtoto mwenye diploma aliyekataliwa majaribio anarudi na kitu mkononi. Asiyekuwa nayo anarudi na begi.

Kuna walioniambia baadaye kwamba nimemzibia kijana njia, kwamba bahati haigongi mlango mara mbili. Mmoja alinitumia ujumbe kwamba waandishi wa redio tunaogopa wengine wasitupite. Nimewasikia. Lakini huyo wakala nilimuuliza kwa simu swali moja la mpira: kijana huyu kona zake unazionaje? Akanijibu kwamba ni mrefu wa kutosha, atashika tu. Mtu aliyemwona akicheza hata dakika kumi hawezi kusema hivyo.

Kijana mwenyewe nilikaa naye baada ya mazoezi. Ni mpole, tofauti kabisa na anavyokuwa golini. Nilimuuliza kwa nini hasimami kwenye mstari kama wengine. Akasema akisimama pale anaona goli kubwa nyuma yake, akitoka mbele analisahau. Nikamuuliza juu ya wakala. Alinyamaza muda, akachezea glavu zake, zimeshonwa kidole gumba kwa uzi wa wavu wa samaki. Akasema yeye anataka kwenda, lakini hataki mama auze mbuzi. Akaniuliza kama kuna timu Kalemie inayoweza kumchukua msimu mmoja, awe anarudi nyumbani kwa reli ile ya Nyunzu.

Wazo hilo ni lake, si langu, na kwangu ndilo bora kuliko yote niliyosikia mwezi huu. Kocha wake, mwalimu wa shule ya msingi anayefundisha vijana jioni bila malipo, ameanza kumpigia mipira ya juu kila siku: kona ishirini kushoto, ishirini kulia, na vijana wawili wakubwa wamewekwa kumsukuma. Nilitazama Jumatano. Siku hiyo katika arobaini alizishika kumi na moja, nyingine kadhaa alizipiga ngumi. Alipofungwa alikasirika sana, akatupa mpira mpaka barabarani na mtu wa baiskeli karibu aanguke.

Wasomaji wa Kalemie wanaosimamia timu, mkitaka kumwona, njooni wenyewe Jumapili saa tisa na nusu, uwanja uko nyuma ya stesheni na kuingia ni bure. Barua ya wakala, alisema ingekuja na gari ya moshi kutoka Kamina. Gari ilifika Alhamisi. Mama alikwenda kuulizia, akarudi na mzigo wake wa chumvi.