Mama alivyokosa chai kwenye viti vya wakubwa

Mwenzenu nilikuwa nakula. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilikuwa nyuma kabisa ya ndege, kiti cha katikati, nimebanwa na jibaba moja lililolala mdomo wazi, na mbele yangu kuna trei: yai la kuvuruga, soseji mbili za kuku, mkate mdogo wa duara, siagi, jamu na chai. Nakula kwa raha zangu, tena natupa jicho huku na huku kama nitaongezwa mkate. Wakati huohuo mama yangu mzazi, aliyeketi kule mbele kwenye viti vya wakubwa, alikuwa anatetemeka na jasho linamtiririka, hajatia kitu tumboni.

Hebu nianzie mwanzo, maana najua kuna wasomaji watakaosema huyu naye anaringa, eti mama yake kapanda daraja la biashara.

Mama ni mtu wa Tanga. Wakati ule, mwaka 2023, alikuwa na miaka 73, kisukari anacho tangu mwaka 1998, na goti lake la kulia lilikuwa limekwisha kabisa, akitembea unasikia mfupa unasaga. Tukaamua aende India akawekewe goti la bandia. Ukoo ukachanga. Kaka yangu mkubwa akauza kiwanja chake cha Pongwe, mdogo wetu akakopa kazini. Mambo yakaenda vizuri, lakini siku ya kuruhusiwa daktari akasema mama asikae masaa mengi amekunja mguu, damu inaweza kuganda. Lazima aunyooshe. Sasa mguu utaunyoosha wapi kwenye viti vya nyuma, ambavyo hata pua yako inagusa kiti cha mbele?

Basi tukajikamua, tukamnunulia yeye tiketi ya mbele, ya kurudia tu. Hela ya tiketi mbili za namna hiyo ilikuwa ndoto. Yeye akakaa mbele, mimi nyuma, katikati yetu pazia. Watu hudhani kule mbele ni wabunge na wafanyabiashara watupu. Siku nyingine chungulieni vizuri. Mtaona na vikongwe walionunuliwa kiti kwa kiwanja cha Pongwe.

Safari ya kwanza, kutoka Mumbai hadi mji mmoja wa Ghuba, haikuwa na neno. Tulipokutana uwanjani pale kubadili ndege mama alikuwa anang'aa. Ati wametandika kitambaa cheupe mezani, wakamletea taulo la moto la kufutia mikono, kisha sahani za udongo na visu vya kweli. "Mwanangu, wamenikirimu," akasema. Nami nikafurahi, nikajisemea kiwanja hakikuenda bure.

Ndege ya pili, ya kuja Dar, iliondoka saa nane usiku. Mama huchoma sindano yake ya insulini saa kumi na mbili asubuhi, nusu saa baadaye anakunywa chai. Ndivyo alivyofundishwa, na mama yangu kwa saa ni kama mnadi adhana. Ilipofika kumi na mbili, huku kwetu nyuma taa ziliwashwa, toroli zikaanza kugongana, harufu ya mkate ikatanda. Mama naye aliisikia. Akajua chai iko njiani. Akatoa sindano kwenye kipochi chake, akajichoma tumboni, akakunja mikono akangoja.

Toroli haikuja. Kule mbele hawatembezi toroli tena asubuhi. Siku hizi mkubwa anakula saa anayotaka mwenyewe, kwa kuomba.

Mimi hayo sikuyajua. Nilimaliza kula, nikafuta mdomo, na ilikuwa inakaribia saa moja nilipomwomba mhudumu mmoja aniruhusu nikamsalimie mama. Alikuwa binti wa Mombasa. Mashirika ya Ghuba yana vijana wengi wa Kenya. Akaniambia kwa upole kwamba abiria wa nyuma haruhusiwi kuvuka pazia, lakini atakwenda kumtazama yeye. Alikwenda akitembea, akarudi akikimbia. "Dada, njoo. Njoo haraka."

Nilimkuta mama kalowa ukosi mzima. Macho yananitazama lakini hayanioni. Akaniita kwa jina la marehemu dada yake. Hapo roho ikanipasuka, maana yule shangazi yangu... nisamehe msomaji, mama yangu mkubwa, naona bado nachanganyikiwa nikikumbuka, yule naye alikuwa na kisukari na alikwenda hivyohivyo, sukari ilishuka usiku amelala peke yake.

"Sukari! Leteni kitu chenye sukari!" Binti wa Mombasa keshafika na glasi mbili za maji ya machungwa, akapasua na vipakiti vya sukari ya chai akamimina humo. Tukamnywesha kidogo kidogo. "Pole mamangu, meza, meza kidogo tu," anambembeleza kama mtoto. Baada ya kama robo saa hivi mama akapepesa macho, akavuta pumzi, akaniuliza, "Wewe umekula?"

Mkuu wa wahudumu alikuja, mtu wa watu wala simsemi vibaya, akainama akasema kwa Kiingereza kwamba mama aliulizwa mapema, ndege ilipotulia tu angani, kama atapenda kuamshwa kwa kifungua kinywa, naye akasema hapana ahsante. Wakaandika asisumbuliwe.

Nikamgeukia mama. "Mama, ulikataa chakula?"

"Sikukataa."

"Wanasema walikuuliza."

"Alikuja kijana amevaa tai, akachuchumaa, ana kikaratasi. Nikasikia brekfasti, brekfasti. Nikamwambia tenkyu, no." Akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa. "Sasa mtu ndiyo kwanza nimeingia kwake, hata shuka sijajifunika, ananiuliza utakula nini, nami niseme nitakula hiki na hiki? Kwani mimi nimelelewa wapi?"

Sikuwa na la kumjibu. Ni kweli. Kwetu mgeni haulizwi, anawekewa. Ukimuuliza, atakwambia ameshiba hata kama ametoka Handeni kwa miguu. Unayekaribisha unajua kwamba ile "nimeshiba" ya kwanza si jibu, ni salamu tu. Unaleta chakula, unanawisha mikono, anakula. Yule kijana wa tai kwao jibu ni jibu. Kaandika, kaenda zake.

Tulipofika Dar nilikuwa na hasira za kuchoma uwanja. Jirani yetu mzee mmoja, aliyewahi kuwa mhudumu kwenye Shirika la Ndege la Afrika Mashariki kabla halijavunjika mwaka 1977, ndiye aliyenituliza. Nilimfuata na malalamiko yangu nikidhani ataungana nami.

"Wewe unadhani wamefanya kwa ubahili," akasema. "Sehemu ndiyo, sehemu siyo."

Akanieleza kwamba enzi zao, kwenye zile Super VC10 zilizokuwa zinakwenda London, asubuhi ilikuwa kama jeshini. Zikibaki saa mbili kutua, taa zote zinawashwa, awe waziri, awe askofu, anaamshwa, anapewa taulo la moto na trei. Nani angelalamika? Kiti chenyewe kilikuwa kinalala kidogo tu, mtu alikuwa hajasinzia sawasawa hata hivyo.

Kilichobadili mambo, kwa maoni ya mzee, ni kitanda. Mashirika yalipoanza kuweka viti vinavyolala kabisa kama kitanda, mambo yakageuka. British Airways waliviweka daraja la kwanza katikati ya miaka ya 1990, na mwaka 2000 wakavishusha hadi daraja la biashara. Wengine wote wakafuata. Sasa mtu aliyelipa mamilioni alale, ukimwasha taa usoni kwa ajili ya yai, atakutukana. Ndipo vikaja vikaratasi vya kuweka alama usiku: niamshe, usiniamshe, kahawa tu, matunda tu. Halafu yakaja mashirika, hasa ya Ghuba, yaliyosema hakuna tena saa ya chakula, kula utakapo. Na korona ya mwaka 2020 ikamalizia, kwani chakula kilipunguzwa, kikafungwa kwenye maboksi, vyote vinaletwa kwa mkupuo mmoja ili mhudumu asimkaribie abiria mara nyingi. Maradhi yalipopungua, si kila kitu kilirudi.

"Na ubahili?" nikamuuliza.

Akacheka. Akanikumbusha kisa cha Robert Crandall, mkubwa wa American Airlines, aliyeondoa zeituni moja tu kwenye kila sahani ya saladi, inasimuliwa mwaka 1987, na shirika likaokoa dola elfu kadhaa wa kadhaa kwa mwaka. Yai lisiloombwa, akasema mzee, ni zeituni kubwa.

Tena hilo yai lenyewe, msomaji, tusilitukuze sana. Halikaangwi kule juu. Linapikwa jikoni ardhini, linapoozwa, linapakiwa, kisha linapashwa moto kwenye oveni ya ndege. Ndiyo maana linakuwa kama sponji ya kuoshea vyombo. Na hata chai si chai. Hewa ya ndani ya ndege imepunguzwa mpaka ni kama umepandishwa mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, yaani kama uko Njombe au juu zaidi, basi maji yanachemka kabla hayajawa na moto wa kutosha, kwenye nyuzi 92 hivi. Mwaka 2010 watafiti wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, waliofanyia kazi shirika la Lufthansa, walionyesha kwamba katika hali hiyo ulimi hausikii vizuri chumvi wala sukari. Kwa hiyo sikuwa nagombania utamu. Mama yangu asingekosa kitu cha kusimulia. Alichokosa ni chakula cha kupambana na dawa iliyokuwa tayari mwilini.

Niliandika barua kwa shirika. Walijibu baada ya wiki tano, kwa adabu kubwa: wanasikitika, wameangalia kumbukumbu, abiria aliulizwa na akakataa mlo, na kama ana maradhi yanayohitaji chakula kwa saa maalumu ingefaa tuseme mapema wakati wa kukata tiketi. Wakamwekea mama pointi fulani ambazo muda wake umekwisha bila kutumika.

Mnajua kinachoudhi? Wana haki. Nilikuwa na nafasi ya kuandika "kisukari" kwenye fomu ya tiketi, sikuandika, nilikuwa nahesabu hela. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia mama kwamba kule mbele wanaomba, lakini mimi mwenyewe sikujua, kwani nani katika ukoo wetu amewahi kukaa huko? Na ningemwambia asijichome mpaka aone sahani kwa macho yake. Hilo sasa ndilo sharia, hata akiwa nyumbani kwangu Magomeni.

Lakini hata wenye haki nawauliza: bibi wa miaka 73 yuko macho, taa yake inawaka, mikono kakunja mapajani, pande zote watu wananusa mikate, mmempita mara ngapi? Kumuuliza mtu mara ya pili hakuongezi uzito wa ndege.

Nilikumbuka haya yote mwishoni mwa mwaka 2024 niliposoma habari za British Airways. Mwezi Novemba mwaka huo walianza kujaribu utaratibu mpya katika madaraja ya juu: safari ndefu zinazoondoka kati ya saa 2:30 na saa 5:29 asubuhi, badala ya chakula cha mchana kamili, abiria akapewa mlo wa asubuhi uliosogezwa mbele, mayai na mikate ya aina aina. Wenyewe walikuja juu! Magazeti ya Uingereza yakaandika, watu wakawaka, na mwanzoni mwa mwaka 2025 shirika likarudisha chakula cha mchana. Nilicheka peke yangu. Hawa wanajua kuomba, nikasema.

Mama alirudi India kwa uchunguzi wa goti mwaka jana. Safari hii mguu unakunjika vizuri, wala hakutaka kusikia habari za kule mbele. Tulikaa wote nyuma, mimi katikati, yeye kwenye korido, na ndani ya mkoba wake kulikuwa na mihogo ya kuchemsha imefungwa kwenye karatasi, kwa tahadhari. Asubuhi taa zikawaka, toroli ikaja ikigonga viwiko vya watu, mhudumu akamshushia trei bila hata kumtazama usoni. Ndipo mama akafungua kipochi, akajichoma, akangoja dakika zake huku kaishika ile trei kwa mikono miwili. Kisha alikula yote, hata lile sponji la yai. Siagi iliyobaki akaitia mkobani.

Halafu akaninong'oneza huku anatazama pazia. "Wale wa mbele wameshapewa?"

"Sijui, Mama."

"Kamwulize huyo binti," akasema. "Pengine kuna mtu mzima huko."